Chupa Arobaini na Tatu za Rubafu

Saa kumi na mbili na nusu jioni nilikuwa njia panda ya Kitendaguro, miguu kwenye matope, magunia mawili matupu begani, namsubiri Dastan wa bodaboda aniletee chupa zilizotumika.

Ninyi mnaopenda kuniuliza "Klaudia, siku hizi unafanya nini?", basi nilikuwa nafanya hiyo. Bachelor of Science, sayansi ya chakula, upper second class. Nasubiri chupa za watu.

Huku kwetu ukisoma wanakuita nshomile, yaani "nimesoma". Ukiwa na kazi wanakuita hivyo kwa wivu. Ukikosa kazi wanakuita hivyo kwa raha zao. Miaka minne nimeitwa hivyo kwa raha.

Wiki mbili kabla, baba mdogo Clavery alikuja kutoka Kaagya, akakaa kwenye kiti cha marehemu baba, akapewa kahawa ya kutafuna, akatafuna, akasema Aristides wa Muleba ameniulizia. Aristides amefiwa na mke, ana duka la vifaa vya ujenzi, ana umri wa kunizaa, na akicheka unaona chakula cha mchana.

"Ana nyumba ya vigae," baba mdogo alisema. "Wewe una nini?"

"Nina digrii, baba mdogo."

"Ipike tule."

Hasira ikanipanda. Nikasimama katikati ya sebule nikatamka maneno ambayo hadi leo natamani ningeyameza. Nilisema: nipeni msimu mmoja wa senene, wale panzi wetu wa kuliwa. Msimu ukiisha sina kazi yangu ya kueleweka, nitakwenda kwa Aristides kwa miguu yangu mwenyewe.

Mama yangu, Anatolia, aliufunika uso kwa kanga. Kwetu neno ulilolisema mbele ya ndugu wa baba yako halirudi mdomoni.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Lilian, mwenye duka la vyakula vya asili Mwanza, alikuwa amenitumia voice note. "Dear, nataka senene wa kukaanga, chupa forty, za kioo, zivalishwe kitambaa kichwani, very traditional. Ila zisinuke! Msimu uliopita mtu kaniletea senene kwenye chupa ya mafuta ya nywele. Nakuja mwenyewe Jumamosi kuzikagua. Zikiwa safi tunasaini, kila msimu ni wewe."

Kila msimu ni mimi. Nilisikiliza sehemu hiyo mara tisa.

Chupa mpya za kioo zenye mdomo mpana sikuweza kuzinunua. Ndiyo maana nilikuwa njia panda.

Dastan alifika taa imezimwa, anaendesha polepole, mzigo umefungwa kwa mpira nyuma. Hakuniangalia usoni.

"Arobaini na tatu," alisema. "Zimetoka Rubafu. Kwa Bibi Joanitha, yule aliyekufa mwaka juzi. Ndugu zake wanabomoa nyumba."

"Zilikuwa na nini ndani?"

"Senene."

"Basi vizuri. Harufu yake naijua."

Dastan alijifuta mvua usoni. "Dada Klaudia, walizimwaga kibanjani, kwenye migomba. Kuku wakaja mbio, wakaangalia, wakaondoka. Umewahi kuona kuku wanakataa senene?"

Sikuwa nimewahi. Nikamwambia kuku nao siku hizi wana maringo. Hakucheka. Aliwasha pikipiki akaondoka bila hata kuaga.

*

Nilizipanga jikoni. Za jamu, za kahawa, za asali, za aina ambazo hazitengenezwi tena. Kila moja ilikuwa na kipande cha plasta ubavuni, na juu ya plasta mwaka, umeandikwa kwa mkono ule mmoja uliokuwa unazeeka. 1979. 1980. 1981... hadi 2021. Mwandiko ulianza umesimama wima, ukamalizika unatetemeka.

Chupa ya 2021 peke yake ilikuwa kavu. Haijawahi kuwekwa kitu.

Nilipofungua ya kwanza, nilitegemea mafuta yaliyochacha. Hayo yalikuwepo. Lakini chini yake kulikuwa na kingine... Tumbaku. Chuma. Koti zito la sufu lililolowa mvua likakunjwa bila kukauka.

Harufu ya mwanaume.

Nikafungua ya pili. Ileile. Ya kumi. Ileile.

Mama alisimama mlangoni na taa. Alinusa mara moja akarudi nyuma.

"Unamjua Bibi Joanitha?" nikamuuliza.

"Nani asiyemjua. Mume wake, Kahigi, alikwenda vitani mwaka sabini na nane. Hakurudi, na hakuletwa. Kila msimu Joanitha alimjazia chupa yake, akaiweka. Akasema akirudi asikute deni la miaka."

Hapa niwaeleze wasio wa huku. Zamani mwanamke wa Kihaya hakuonja senene. Aliwaokota alfajiri, akawanyonyoa mbawa na miguu, akawakaanga kwa mafuta yao wenyewe, akampelekea mume wake akiwa amepiga magoti. Mume akipokea, naye anajibu kwa kitambaa kipya cha kuvaa. Ndivyo ilivyokuwa kila msimu, na ndivyo wote wawili walivyojua kuwa bado ni mke na mume. Niliandika field report juu ya mila hiyo chuoni. Nilipata A.

"Na mwaka wa mwisho?" Nikainua chupa kavu.

"Mwaka ule senene hawakuanguka Rubafu. Walikuja kidogo tu, mvua ikawapeleka ziwani." Mama akashusha taa. "Alikufa kabla ya Krismasi. Warudishe hizi chupa, Klaudia."

"Nirudishe, Jumamosi nimpe Lilian nini? Maneno?"

Aligeuka na taa yake akaondoka. Siku hizo kila alipotaka kunikatalia jambo alimkumbuka Aristides, akaniacha.

*

Nikaanza kuosha.

Maji ya moto na sabuni. Harufu ikabaki. Vifuniko nikavitoa mipira yake, maana mpira ndio unaoshika harufu, nikavichemsha peke yake. Chupa mbili zikapasuka kwa moto, zikabaki arobaini na moja. Nikaweka soda ya kuokea na maji ya vuguvugu, nikaacha usiku kucha. Nikaweka siki. Nikasugua kwa limau na chumvi. Nikaanika juani, na jua la Novemba huku ni la kuomba. Nikajaza mkaa. Nikajaza magazeti, kurasa za nafasi za kazi, angalau zipate kazi. Nikajaza kahawa ya kusaga, nzuri kabisa, Mama akalia kuona kahawa inaharibiwa.

Mchana harufu ilipungua. Jioni ilirudi.

Na jioni kulikuwa na sauti. Tik. Kifuniko kimoja. Tik... tik... Nilijua sababu: kioo kinapoa, hewa inajivuta, bati linabonyea. Simple physics. Nilisema hivyo kwa sauti, peke yangu jikoni, mara mbili.

Jumatatu nilitia pua ndani ya chupa ya 1979, nikavuta pumzi.

Nikaacha kuvuta.

Pumzi ikaendelea.

Niliiweka chini taratibu sana, kama mtu anayelaza mtoto.

Mwenye akili angeziacha. Lakini siku hiyohiyo baba mdogo alikuwa amepiga simu kwamba watu wa Aristides wanakuja Jumapili "kusalimia tu". Mimi akili yangu ilikuwa imebaki na njia moja tu: udongo. Udongo unanyonya harufu kuliko mkaa, mwulize mtu yeyote wa chakula. Unafukia chombo mdomo chini, unakiacha usiku mmoja, asubuhi kimesafishika.

Mama alikuwa amelala mapema. Nikachukua jembe nikaenda kibanjani, nyuma ya nyumba. Ardhi ya kwenye migomba ilikuwa imekazwa na mizizi. Sehemu pekee yenye udongo laini ni pale tunapolima maua, upande wa kulia.

Upande wa makaburi. Babu, bibi, baba.

Nilijua. Nisiseme sikujua. Nilisema moyoni, baba nisamehe, ni usiku mmoja tu, nikazifukia zote arobaini na moja, midomo chini, safu kwa safu kati ya makaburi yetu.

Asubuhi nikazifukua. Nikanusa moja. Nikanusa nyingine.

Hakuna kitu! Kioo kitupu, safi, kama kimetoka kiwandani leo. Nilicheka hadi nikakaa chini kwenye umande. Nilikuwa nimeshinda. Nshomile ameshinda.

Harufu zinapotoka mahali zinakwenda wapi? Miaka mitatu ya chuo, na hilo sikujiuliza.

*

Senene wakaanguka alfajiri ya Jumatano, wengi, mji mzima ukatoka na ndoo. Nikaokota, nikanunua, nikanyonyoa hadi vidole vikavimba, nikakaanga. Alhamisi jioni chupa zote zilikuwa zimejaa na kufungwa. Arobaini za Lilian na moja ya akiba, ile ya 2021.

Kilikosekana kitambaa cha kuzivalisha. Nilikuwa sina hata kanga mbovu isiyo na doa.

Mama alikuwa amekwenda kwenye sala za jumuiya. Umeme ulikuwa umekatika. Nilikuwa nimekaa jikoni na kibatari, nafikiria kukata shuka langu, nikasikia mtu anakohoa uani.

Hakupiga hodi.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Tumbaku. Chuma. Sufu.

"Nani?"

"Wa Rubafu." Sauti ya chini, kavu, kama imekaa muda mrefu bila kutumika.

Nikafikiri, ndugu za yule bibi, wamefuata chupa zao. Moyo ukadunda kwa hofu hiyo, jamani, hofu ya kunyang'anywa! Nyingine haikunijia. Nikatoka na kibatari. Alikuwa mzee mrefu, koti refu hadi magotini, linachuruzika maji. Mvua haikuwa imenyesha tangu asubuhi.

Na mimi, na digrii yangu, na mdomo wangu wote, nikapiga magoti kumsalimia. Ndivyo nilivyolelewa. Mzee akisimama mlangoni, magoti yanainama kabla ya kichwa kufikiri.

"Kama ni chupa, waitu, mzee wetu, zilinunuliwa kwa halali."

"Sitaki zote." Alinong'ona. "Nataka moja. Ya mwaka wa mwisho."

"Hizi ni za mteja..."

Akatoa kitu ndani ya koti. Kitambaa. Kipya, kimekunjwa, rangi ya kahawa iliyoiva, bado kina mikunjo ya dukani. Yadi nyingi.

Nilikiangalia kitambaa. Nikahesabu vichwa vya chupa. Mungu ananiona, nilifikiri: barter trade. Chupa moja ya akiba kwa kitambaa cha chupa arobaini.

Nikaingia ndani, nikachukua ile ya 2021, nikarudi. Nikapiga magoti tena. Nikampa kwa mikono miwili.

Aliinama kuipokea, na mwanga wa kibatari ukampiga usoni.

Shavuni alikuwa na alama ya duara, imebonyea kwenye ngozi. Kama mtu aliyelalia mdomo wa chupa. Na kwenye paji la uso, duara. Shingoni, moja juu ya nyingine. Mikononi, hadi kwenye vidole. Ndani ya kila duara, udongo. Udongo wetu mwekundu, na kijani cha maua yetu.

Akanishikisha kitambaa.

"Wakola," alisema. Asante. Kisha, polepole, kama anayeonja neno: "Wakola, mukazi wange."

Asante, mke wangu.

Kibatari kikazimika. Nilipokiwasha uani hapakuwa na mtu.

Nilifanya nini? Nilipiga kelele? Nilikimbia? Nilikaa jikoni nusu saa. Kisha nikachukua mkasi. Jumamosi ilikuwa keshokutwa. Nikakata miduara arobaini, nikaivalisha chupa, nikafunga kwa uzi wa mgomba. Zilipendeza hadi zikanitia uchungu.

Mama aliporudi alisimama mlangoni.

"Kitambaa umepata wapi?"

Nikamwambia. Alikuwa ananisikiliza huku anakaa chini taratibu, kwenye sakafu, bado na kanga yake ya sala.

"Ulipiga magoti?"

"Ni mzee, Mama."

"Ulimpa kwa mikono miwili?"

Nikaiangalia mikono yangu.

"Na yeye akakupa, ukapokea." Akanishika kiwiko. "Bojo, mwanangu. Bojo, nakusihi. Vivue vyote sasa hivi tuvichome."

"Nikivichoma Lilian atasaini nini?"

"Acha Lilian!"

"Na Jumapili je? Unataka niende kwa Aristides?"

Hapo Mama alilia. Nilimwona akipima, kabisa, kama mtu anayepima maharage sokoni: huyu au yule. Mwisho akasema kwa kunong'ona, "Angalau... angalau hujakivaa. Asiyekivaa bado anaweza kukirudisha."

"Sijakivaa. Nimevalisha chupa."

Alikuwa anaangalia kichwa changu.

Nikapeleka mkono juu. Nilipokuwa nakata, nywele zilikuwa zinanisumbua machoni. Kulikuwa na kipande kilichobaki...

Nilikuwa nimejifunga.

*

Jumamosi Lilian alikuja na gari, manukato, na kompyuta mpakato. Alifungua chupa tano, akanusa, akafumba macho. "Dear, this is perfect. Hakuna harufu kabisa! Umefanyaje?" Akasaini. Nikasaini. Kila msimu ni mimi.

Alipokuja kunikumbatia, akasita. Pua yake ikacheza.

"Kuna mtu anavuta tumbaku hapa?"

"Hapana," nikasema.

Akanipungia mkono kutoka mbali.

Jumapili akaja baba mdogo Clavery na shangazi wa Aristides, mama mnene wa Muleba mwenye gauni la gomesi la kumeta. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba, mkataba nimeushika mkononi. Sikuitoa. Nilipiga magoti kumsalimia yule mama, akaniinamia kunishika mabega, akaachia kama aliyeshika sufuria ya moto.

"Clavery," alisema, bado ananiangalia. "Mbona mnataka kutupa mke wa mtu?"

"Mke wa nani? Huyu hajaolewa!"

"Mume wake kalala naye kitanda kimoja jana. Nusa mwenyewe."

Baba mdogo alininusa. Kisha akachukua kofia yake, na wakaondoka bila kumaliza kahawa. Habari za Aristides zikaishia hapo. Nilichokitaka nilikipata, chote, pamoja na sahihi yake.

Sasa najiosha. Maji ya moto na sabuni. Soda ya kuokea na maji ya vuguvugu. Siki. Limau na chumvi, hadi ngozi inachubuka. Mama amenipaka mkaa, amenifukiza moshi wa kahawa, amemleta mchungaji. Mchana inapungua.

Jioni inarudi.

Udongo sijajaribu. Mama ameficha jembe.

Januari Lilian alituma voice note, nilikuwa nimekaa kizingitini naanika nywele. "My dear, hongera! Mbona hukutuambia? Zile chupa forty amezinunua mzee mmoja, zote, siku moja. Mpole, koti refu. Anasema anayezitengeneza ni mke wake, lakini mwaka huu umempa chupa moja tu, ya 2021, na bado anakudai ya 2022 na ya 2023. Nikacheka sana! Wanaume wa Kihaya bwana, wanapenda kuhudumiwa..."

Nilizima simu. Nikaangalia chini, karibu na mguu wangu.

Chupa ya 2021 ilikuwa kizingitini. Tupu. Imeoshwa vizuri, inang'aa, haina harufu yoyote. Plasta ya zamani imebanduliwa, imewekwa nyingine mpya, nyeupe, haijaandikwa mwaka.

Nimezunguka Bukoba nzima, Kaagya, Rubafu, hadi Muleba. Nimeuliza sokoni, nimeuliza majumbani, nimepiga magoti kwa watu nisiowajua. Wote wananijibu lilelile huku wakijiziba pua.

Senene wameisha, dada. Subiri msimu ujao.

Ndani, nilikoiweka ile chupa, kifuniko kimelia. Tik.